Nakshi za silaha: mkono wa fundi au mwale wa leza?

Katika wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, gobore si kitu kigeni. Wazee wa milimani kwenye kahawa na ngoro, na wenzao wa mwambao kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, walilitumia kufukuzia nguruwe mwitu na nyani wasimalize mahindi shambani. Mzee anapofariki dunia, bunduki hubaki mikononi mwa familia, na si ajabu akatokea kijana mwenye hamu ya kuirembesha: kuchora jina la babu kwenye mtutu, au kutia maua na nyota kwenye bamba la mtambo wake. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya mhunzi au sonara. Leo zipo mashine za leza zinazoimaliza kwa dakika chache. Tumeona vyema tuzipime njia hizi mbili, kwa kuwa uamuzi wake hauhusu uzuri peke yake.

Ndugu msomaji, bunduki za kale hazikufika ziwani zikiwa kimya. Zilikuja na maandishi yake. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Kilwa hadi ufukwe wa Nyasa, ikavuka kwa majahazi hadi Nkhotakota, alikotawala Jumbe aliyejihesabu kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Waomani walijulikana kwa bunduki za mrao, zenye mitutu mirefu iliyofungwa kwa pete za fedha zilizonakishiwa na masonara. Kutoka Ulaya zilikuja bunduki za gumegume. Mwaka 1890 Mkataba wa Brussels ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliacha mwanya kwa zile za gumegume zenye mtutu laini ndani. Hiyo ni sababu mojawapo ya gobore kudumu katika nchi zetu.

Neno TOWER pamoja na taji kwenye bamba la mtambo ni alama ya Kiingereza, ingawa wafanyabiashara wengine wa Ulaya waliiiga. Herufi ELG ndani ya umbo la yai ni alama ya ukaguzi ya mji wa Liège, Ubelgiji. Mji wa Birmingham nao una nyumba ya kupimia mitutu tangu mwaka 1813. Mtu anayesugua alama hizo ili apate nafasi ya kuchora ua, ameufuta ukoo wa silaha yake.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Fundi wa mkono hushika kalamu ya chuma kigumu yenye ncha kali, akaisukuma kwa kiganja au kuigonga kwa nyundo ndogo. Ncha huinua unyuzi mwembamba wa chuma na kuacha mfereji wenye kuta safi, na mwanga ukizipiga kuta hizo mchoro hung'aa. Mstari mmoja waweza kuanza mwembamba, ukanenepa, kisha ukaishia kama unywele. Mji wa Ferlach nchini Austria na Gardone Val Trompia nchini Italia umejengeka jina kwa ufundi huu, na bunduki moja yaweza kumchukua fundi wiki kadhaa au hata miezi. Upungufu wake ni gharama, na kwamba ncha ikiteleza kosa halifutiki kwa urahisi.

Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960 na Theodore Maiman, nchini Marekani. Kwa njia hii mchoro huandaliwa katika kompyuta, kisha mwale hukichoma chuma na kukigeuza mvuke, nukta baada ya nukta. Mashine yaweza kurudia mchoro uleule mara 100 bila tofauti, na huandika herufi ndogo ambazo mkono ungezishindwa. Lakini chini ya mfereji wake chuma hubaki na vinundu, haking'ai, na mchoro huonekana kama uliopigwa chapa. Ukichorwa juujuu tu, hubadilisha rangi ya chuma na msasa huuondoa. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huchanganya njia zote mbili: leza hutangulia, mkono humalizia.

Uzito wa jambo uko kwenye namba. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na nchi za ukanda huu ikiwamo Tanzania, inataka kila silaha iwe na namba yake, na inataka kufuta au kubadili alama hiyo kuwe kosa la jinai. Nchini Marekani, tangu mwaka 2002, namba lazima ichimbwe kwa kina kisichopungua takriban milimita 0.08. Namba iliyogongwa hukandamiza chuma hadi chini ya herufi zenyewe, hivyo wachunguzi huweza kuisoma kwa tindikali hata baada ya kusuguliwa. Ama fundi wa nakshi, wa mkono na wa leza sawasawa, kwanza hulainisha chuma kwa msasa. Msasa huo ukipita juu ya namba, mrithi aliyekusudia kumuenzi babu yake atajikuta akiulizwa maswali mazito.

Katika dini yetu pambo la silaha si jambo geni. Anas bin Malik amepokewa katika Abu Daud na Tirmidhi akieleza kuwa kishikio cha upanga wa Mtume (s.a.w.) kilikuwa na fedha kwenye ncha yake. Na katika Bukhari, Abu Umama anakumbusha kuwa waliozifungua nchi hawakupamba panga zao kwa dhahabu wala fedha, bali kwa ngozi, risasi na chuma.

Ushauri wetu kwa familia ni huu. Kabla ya nakshi, fikeni polisi wilayani mjue hali ya leseni na haki ya mrithi. Pigeni picha alama zote za silaha. Mtutu wa kale ulioliwa na kutu usikatwe kwa njia yoyote. Anayetaka jina la babu lionekane, alichore kwenye bamba dogo la shaba au fedha: sonara wa mkono ataweza, na leza pia itaweza. Bamba hilo lipachikwe kwenye kitako cha mti, mbali na namba. Na ikitokea kwamba mrithi hakupewa leseni, gobore litakabidhiwa polisi, na bamba lenye jina la mzee litabaki nyumbani.