Luteni Junge na wachochea moto wa Kingani

Watu wa Bwiza, hapa Bujumbura, wanaijua meli ya Liemba. Mwaka 2015, machafuko yalipoitikisa Bujumbura, maelfu ya Warundi walikimbilia kijiji cha Kagunga, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, na meli hiyo ikawabeba hadi Kigoma. Akina mama walipanda na watoto mgongoni, wengi wao wasijue kwamba wamepanda meli iliyowahi kuwa ya vita. Wajerumani waliiita Graf von Götzen. Waliishusha majini mwaka 1915, na Julai 1916 wakaizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikapewa jina tunalolijua.

Götzen ilikuwa na mwenzake mdogo, ambaye habari zake hazisimuliwi sana pwani yetu. Jina lake Kingani.

Usumbura, kama mji huu ulivyoitwa, ulikuwa chini ya Wajerumani, na punde Ziwa Tanganyika zima vilevile. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Agosti 1914, meli yao Hedwig von Wissmann iliiharibu Alexandre Delcommune ya Wabelgiji, na tangu hapo Wajerumani hawakuwa na mpinzani majini. Waingereza wakajibu kwa jambo la ajabu: boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zilitolewa Uingereza hadi Cape Town, zikapandishwa treni, zikavutwa na matrekta na ng'ombe kuvuka milima ya Katanga, hadi Lukuga, Kalemie ya leo. Ziliingia majini siku chache kabla ya Krismasi ya 1915.

Wajerumani wa Kigoma hawakuwa na habari hiyo. Mapema mwezi huo afisa wao, Luteni Job Rosenthal, alikwenda Lukuga kupeleleza, akaogelea hadi karibu na kambi, na hakurudi. Alikuwa amekamatwa. Kingani ikatumwa kwenda kutazama, na kamanda wake alikuwa Junge, afisa wa cheo cha chini.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 26 Desemba. Waingereza walikuwa kwenye ibada ya asubuhi Kingani ilipoonekana. Wakaiacha ipite kwanza, kisha boti zikatoka nyuma yake. Hapo ndipo palipomponza Junge. Mzinga wake uliweza kupiga mbele tu, hivyo ili amjibu adui ilimlazimu aigeuze meli nzima, na boti zile zilikuwa na kasi kuliko yake. Mapambano yalidumu dakika 11. Kombora lilipenya kinga ya mzinga, likamuua Junge na wasaidizi wake wawili. Baadhi ya mabaharia walijitupa majini. Mhandisi akapunga kitambaa cheupe. Kingani ikatekwa, ikatengenezwa, ikapewa jina la Fifi, na wiki sita baadaye ikasaidia kuizamisha Hedwig.

Kwa nini mtu wa Bwiza amkumbuke afisa wa Kijerumani? Swali ni la haki, maana nchi yake iliingia kwetu kwa bunduki. Nasema akumbukwe, kwa kuwa hakuwa peke yake chomboni. Chini yake walikuwepo Waafrika waliotia kuni tanuruni na kuendesha chombo, katika vita ambayo hakuna aliyewauliza kama wanaitaka. Simulizi za vita hiyo humtaja Junge kwa jina na cheo. Wao huitwa wenyeji tu, kisha msimulizi anaendelea na habari za mizinga. Hilo linaniuma, na sioni sababu ya kulizoea.

Wengine, katika vita kuu iliyofuata, walitendewa vizuri zaidi. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Ilizama kwa muda usiofika dakika mbili, wakafa watu karibu 1,300, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na maafisa wao. Hawana makaburi, ila kuna kumbukumbu Nairobi yenye majina yao, askari na afisa. Mjukuu anaweza kwenda kulisoma jina la babu yake.

Ziwa letu linastahili kumbukumbu kama hiyo. Wazee wa Bwiza na Buyenzi, wa Rumonge, Kigoma na Kalemie: kama babu yenu alifanya kazi kwenye Kingani, Hedwig au Götzen, mwambieni mjukuu aandike jina lake, kijiji chake na kazi aliyoifanya. Aandike mwaka huu, wakati yupo bado wa kumsimulia.