Kabla ya Kuhamia Pembezoni mwa Jiji: Familia Itazame Nini?



Katika ziara zetu za sharika za Dar es Salaam, swali linalotufikia mara nyingi siku hizi ni la makazi. Familia changa zilizopanga Sinza, Magomeni, Temeke au Buguruni zinatafuta pa kujenga Kibamba, Kiluvya, Goba, Madale, Bunju, Chamazi, Chanika au Kigamboni. Kabla ya kulipa, baadhi yao humwendea mzee wa kanisa au mwinjilisti na kuuliza wanunue wapi. Tumeona vema kueleza hapa mambo ambayo mzee huyo anaweza kuwasaidia kuyatazama.

Kwanza, ukubwa wa jambo lenyewe. Kati ya sensa ya mwaka 2012 na ile ya 2022, watu wa Mkoa wa Dar es Salaam waliongezeka kutoka 4,364,541 hadi 5,383,728, yaani kwa karibu robo. Katika kipindi hicho hicho Mkoa wa Pwani ulitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947. Si wote waliotoka jijini, maana wengine wamefuata viwanda vya Kibaha na Mkuranga. Lakini yeyote anayesimama Mbezi saa kumi na moja alfajiri anaona wazi kwamba wengi wamehamisha kitanda na kuacha kazi mjini.

Wengi huanza na bei ya kiwanja. Ni kawaida, kwa sababu fedha ndiyo iliyopungua. Sisi tunashauri waanze na safari, maana kiwanja hulipwa mara moja na safari hulipwa kila siku. Tuchukue mfano wa baba na mama wanaofanya kazi Kariakoo. Kutoka nyumbani hadi kituo cha daladala hakuendeki kwa miguu, kwa hiyo kila mmoja anapanda bodaboda kwa shilingi 1,000 asubuhi na 1,000 jioni. Kwa siku 22 za kazi ni shilingi 88,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 1,056,000, kabla hawajalipa nauli ya daladala. Kiwanja cha ndani zaidi kilichokuwa na nafuu ya shilingi milioni tatu kimemaliza nafuu hiyo kabla ya miaka mitatu kutimia. Bado hatujahesabu muda. Saa mbili kwenda na saa mbili kurudi kwa siku tano ni saa 20 kwa wiki, ambazo watoto wako na dada wa kazi, na jirani, au peke yao.

Historia ya jiji letu ina mfano mkubwa wa jambo hili. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, Serikali iliwahamisha waathirika wa bonde la Msimbazi na kuwapa viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji. Kwa upande wa maji ya mvua, Mabwepande ni salama kuliko Jangwani. Lakini mama aliyekuwa akiuza vitafunwa Kariakoo kwa kutembea kwa miguu sasa alihitaji nauli ya kwenda na kurudi ambayo biashara yake haikuweza kuibeba. Baadhi waliuza viwanja wakarudi bondeni. Wapo waliowaita wakaidi. Sisi tunaona walipiga hesabu, na hesabu ile iligoma.

Kwa hiyo familia ifanye jaribio kabla ya kulipa. Mtu mmoja alale kwa ndugu au rafiki katika eneo linalokusudiwa, kisha Jumatatu aende kazini kutokea huko na kurudi jioni. Afanye hivyo tena siku ya mvua. Jumapili mchana, wakati ambao madalali hupenda kuonyesha viwanja, barabara ni nyeupe na kila mahali panaonekana ni dakika arobaini tu kutoka mjini.

Hesabu ifanywe kwa usafiri unaotembea leo, si kwa ule ulioahidiwa. Mabasi yaendayo haraka yalianza kati ya Kimara na katikati ya jiji mwezi Mei 2016, na bei za viwanja kando ya Barabara ya Morogoro zikapanda. Wengine wakanunua Mbagala na Chamazi kwa kutegemea awamu ya pili. Barabara yake ilijengwa, vituo vikasimama, lakini abiria walisubiri hadi Oktoba 2025 ndipo mabasi yakaanza. Mtoto aliyeanza chekechea wakati zege linamwagwa alikuwa shule ya msingi. Hali kadhalika reli mpya ya kisasa, iliyoanza kupeleka abiria Morogoro mwezi Juni 2024 na ina kituo Soga. Kuwa na kituo ni jambo jema, ila familia isome ratiba na kuuliza umbali kutoka kituoni hadi mlangoni kwao kabla ya kuamini maneno ya dalali.

Baada ya safari ya wazazi, ifuatwe safari ya mtoto. Ada katika shule za umma ilifutwa kuanzia Januari 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa kwa kidato cha tano na sita. Ada si kikwazo tena, umbali ndio kikwazo. Ulizeni shule ya msingi iko wapi na mtoto wa darasa la kwanza atavuka barabara gani. Shule ya sekondari ikihitaji daladala, kumbukeni kwamba makonda wengi hawawapendi wanafunzi kwa sababu ya nauli yao ndogo, na binti anayeachwa kituoni hadi giza kuingia yuko hatarini. Wapo wazazi walioacha kiwanja kizuri chenye upepo wa bahari kwa sababu hiyo tu, nasi tunawaunga mkono. Zahanati nayo iulizwe, hasa kama inapokea wajawazito usiku.

Kuhusu maji, bomba kubwa la Ruvu Juu hupita Kibaha na Kibamba kuja Kimara, na la Ruvu Chini huja kwa upande wa Bunju na Tegeta. Kuwa karibu na bomba hakumaanishi maji yapo. Mwishoni mwa 2021 mvua zilichelewa, Mto Ruvu ukapungua na jiji likaingia kwenye mgawo. Waulizeni majirani walitumia nini miezi ile, na kama maji ya visima vyao yana chumvi. Kiwanja chenyewe kitazamwe mwezi Aprili, wakati wa masika, kwa sababu kilichokauka vizuri mwezi Septemba huenda ni njia ya maji.

Masuala ya umiliki tunayagusa kwa kifupi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hifadhi ya barabara nayo ni ya kuogopwa: mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya, zilibomolewa, na baadhi ya wenyewe walikuwa wameishi humo miaka mingi. Muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba mauziano yamefanyika. Hautoshi kuthibitisha kwamba muuzaji ndiye mmiliki. Kiwanja kikiwa kimepimwa, ombeni namba yake na kitalu, kisha mfanye upekuzi kwenye ofisi ya ardhi. Na kama kinachouzwa ni nyumba ya wanandoa, mke au mume wa muuzaji naye atie sahihi, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai ridhaa yake.

Sasa neno kwa kamati. Sharika za katikati ya jiji zinapoteza familia changa, na mitaa mipya ya pembezoni inazipokea chini ya mwembe kabla hata ya kupata kiwanja cha kanisa. Tunaomba kila usharika wa mjini, unapoandika barua ya utambulisho ya mshirika anayehama, umtaarifu mwinjilisti wa huko aendako, ili familia ipate jumuiya wiki ya kwanza. Kwa mama anayerudi saa mbili usiku, jirani wa jumuiya anayeweza kumfungulia mtoto mlango ana thamani kuliko uzio.

Mitaa mipya inayoomba fedha za vituo vya watoto wadogo tunaiomba itaje kwenye andiko saa ambazo wazazi wa eneo hilo huondoka na kurudi. Maombi mengi huandikwa kwa kituo cha kufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa sita mchana. Kwa Chanika au Kibamba, kituo cha namna hiyo kitawahudumia watoto ambao mama zao wako nyumbani. Wanaokihitaji zaidi ni wale wanaoachwa kukiwa bado giza, na kwa ajili yao tunahitaji mlezi wa kufungua saa kumi na moja alfajiri, uji, na mahali pa kulala mchana. Gharama yake ni kubwa zaidi, nasi tutawaeleza wahisani hivyo. Andiko liambatanishwe na orodha ya watoto kwa umri na lifike ofisini kupitia kwa mchungaji wa usharika.