Macho ya njano, C25 na kilichoandikwa kwenye faili

Tuchukue mfano. Mzee wa Malambo, kule wilayani Ngorongoro, macho yamekuwa ya njano, mkojo unafanana na chai ya rangi, mwili unakonda. Kituoni wanaandika "manjano" na kumpa rufaa kwenda Wasso. Kutoka hapo huenda akapelekwa Arusha, au hata KCMC Moshi. Sasa jiulize: mwaka ukiisha, nchi itakuwa imemhesabu kama mgonjwa wa nini?

Inategemea faili lake linasema nini. Kila ugonjwa una msimbo wake (wengine huita kodi, ila si ile ya TRA) katika orodha ya kimataifa ya WHO, yaani ICD. Mizizi yake ni orodha ya sababu za vifo aliyoiwasilisha Mfaransa Jacques Bertillon mwaka 1893. Katika ICD-10, manjano ambayo chanzo chake hakijaelezwa ni R17. Hiyo ni dalili tu. Saratani ya kongosho ni C25, na tarakimu baada ya nukta inaonyesha mahali: C25.0 kichwani, C25.1 katikati, C25.2 mkiani. Uvimbe usio saratani ni D13.6.

Tarakimu moja ina uzito gani? Uvimbe wa kichwani hubana mrija wa nyongo, ndiyo maana macho huwa ya njano mapema. Ule wa mkiani hukua kimyakimya, na mara nyingi hugundulika umeshasambaa. Upasuaji wake nao ni tofauti. Halafu kuna C25.4, saratani ya seli zinazotengeneza homoni kama insulini, ambayo mara nyingi huenda polepole. Steve Jobs wa Apple aligunduliwa na uvimbe wa aina hiyo mwaka 2003, akafariki 2011.

Anayeweka msimbo haruhusiwi kubahatisha. Daktari akiandika "saratani ya kongosho" bila kutaja sehemu, inakuwa C25.9. Akiishia "manjano", inabaki R17, na mzee wetu hayumo kabisa kwenye hesabu ya saratani, hesabu ambayo inasaidia kupanga dawa, vipimo na wataalamu.

Kwa hiyo wewe unayesomea udaktari au uuguzi, andika mambo matatu: uvimbe uko sehemu gani, ni saratani au siyo, na umejuaje, kwa picha au kwa kinyama kilichopimwa maabara. Na wewe unayemuuguza ndugu yako, omba nakala ya majibu kabla hamjaondoka hospitali kubwa, kisha mkirudi nyumbani ipelekeni kituoni.