Usiirudishe Kabichi Mahali Pale Pale

Bila shaka umeliona jambo hili. Mtu wa Kibosho au Kilema apanda kabichi mwaka wa kwanza, vichwa vyajaa vizuri. Mwaka wa pili apanda pale pale, vichwa ni vidogo. Mwaka wa tatu majani yageuka manjano, na mboga yote yaoza. Fedha za daftari na sare za watoto zimepotea. Wengine husema ni kijicho cha jirani. Sivyo.

Tazama ukingo wa jani. Ukiona doa la manjano la pembe tatu, ncha yake yaelekea ndani, na vishipa vyake vimekuwa vyeusi, huo ni ugonjwa wa uozo mweusi. Hukaa katika majani na mashina yaliyoachwa bustanini, na huweza kuja na mbegu. Matone ya mvua huurusha toka mche hadi mche.

Basi, dawa ya kwanza ni kuhamisha. Gawa bustani yako sehemu 3. Ya kwanza panda kabichi, ya pili maharagwe, ya tatu karoti au vitunguu. Kila mwaka badilisha, hata kabichi irudi mahali pake mwaka wa 4. Lakini angalia: sukuma wiki, figiri na chainizi ni ndugu wa kabichi. Ukizipanda nyuma yake, hujahamisha kitu.

Tena, chagua mahali penye jua. Chini ya migomba ya kihamba kabichi haifungi kichwa. Ukingo wa kihamba, karibu na mfongo, wafaa zaidi.

Nunua mbegu safi, usichukue miche ya bustani yenye ugonjwa. Miche ikae kitaluni wiki 4 au 5, kisha uihamishe jioni. Acha nafasi ya sentimeta 60 kati ya mistari na 45 kati ya miche, ili upepo upite na majani yakauke upesi. Tia samadi iliyooza sawasawa. Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina, wala usiloweshe majani.

Kila siku chache geuza majani utazame upande wa chini. Viwavi vidogo vya kijani uwaue kwa mkono. Mche wenye uozo ung'oe, uuchome au uufukie mbali. Usiutupe katika shimo la mbolea.

Kichwa kikiwa kigumu, kivune, maana mvua kubwa yaweza kukipasua kabla hakijafika sokoni Kiboriloni. Ukisha kuvuna, ng'oa mashina yote.

Mwisho, chukua daftari kuukuu la mtoto. Chora sehemu zako 3, andika mwaka na mboga uliyopanda. Mwakani hutabahatisha.