"Deception" si "déception"

Mwenzetu mmoja wa kitivo alinyimwa nafasi ya masomo ng'ambo, akaandika barua ya Kiingereza kueleza huzuni yake. Alichukua "déception" ya Kifaransa, akaiondolea alama juu, akaandika "my deception is great". Waliosoma waliona mtu anayekiri udanganyifu mkubwa. Hawakujibu.

Maneno hayo mawili ni ndugu. Yote yanatoka kwenye kitenzi cha Kilatini "decipere", yaani kunasa, kutega. Waingereza walikikopa kupitia Kifaransa cha zamani, kilipokuwa bado kina maana ya kudanganya. Baadaye Kifaransa kilihamia kwenye kuvunjika kwa matumaini. Kiingereza kikabaki kwenye mtego. Barua ile ilihitaji "disappointment".

Ugumu hauishii hapo. Sisi tunatafsiri "lie" na "deceive" kwa kudanganya, kisha tunaendelea. Lakini "deceive" hudai mafanikio: ukisema "I deceived him", huwezi kuongeza kwamba hakuamini. "I lied to him" inakubali nyongeza hiyo bila shida. Kiswahili chetu nacho kinakubali: alinidanganya, lakini sikudanganyika. Kile kiambishi -ik- kinabeba mafanikio ambayo Kiingereza kimeyaficha ndani ya kitenzi. (Kwa maoni yangu, hiki peke yake kingetosha kuwa kazi ya mwisho wa mwaka.)

Na "lie" yenyewe ni nini? Mwaka 1981 Linda Coleman na Paul Kay waliwapa wasemaji wa Kiingereza visa vinane, wakawauliza kama kuna uongo ndani yake. Kilichopima zaidi kilikuwa imani ya msemaji kwamba asemacho si kweli, kisha nia ya kudanganya. Uongo wa maneno yenyewe ulikuja mwisho. Kwa hiyo anayemwambia askari "rafiki yangu yuko sokoni", akiamini hayuko, kumbe yuko, yuko karibu na "lie" kuliko aliyekosea kwa nia njema.

Halafu kuna "mislead". Mwalimu anauliza: umesoma kitabu? Unajibu: nilishinda maktaba. Ulishinda kweli, ukilala. Hakuna "lie" hapo, ila mwalimu amepotoshwa. Huku kwetu, mtu atakuambia tu: unasema bongo! Mtanzania akisikia hivyo atadhani unamsifu akili.