Mishahara ya wakuu wa Kwale huamuliwa na nani?

MGONJWA anayesubiri dawa katika hospitali ya Msambweni na mfanyabiashara anayelipia leseni ya duka lake Diani wana swali moja: Ni nani huamua malipo ya wakuu wa Serikali ya Kaunti ya Kwale?

Wengi hudhani ni gavana, au madiwani wanapoketi kupitisha bajeti. Sivyo. Uwezo huo uko kwingine, ingawa si wote.

Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, Baraza la Kaunti ya Kwale lilisimamiwa chini ya sheria iliyompa Waziri wa Serikali za Wilaya kauli kubwa juu ya fedha na watumishi wake. Mfumo huo ulikoma pale ugatuzi ulipoanza.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 230, ilibuni Tume ya Mishahara na Marupurupu, maarufu kama SRC. Tume hiyo ina majukumu mawili, na tofauti iliyopo baina yake ndiyo huwakanganya wananchi.

Jukumu la kwanza ni kuweka malipo ya maafisa wa serikali waliotajwa katika Katiba. Katika kaunti, hao ni gavana, naibu wake, mawaziri wa kaunti na madiwani. Mnamo Julai 2017, kwa mfano, tume ilitangaza Sh924,000 kwa mwezi kwa gavana na Sh144,375 kwa diwani. Gavana hawezi kujiongezea hata shilingi moja. Mnamo Julai 2024, wakati wa maandamano ya vijana, tume yenyewe ilisitisha nyongeza iliyokuwa imepangiwa maafisa hao.

Jukumu la pili ni kutoa ushauri kuhusu malipo ya watumishi wengine wote wa umma. Hapa ndipo wanapoingia katibu wa kaunti, maafisa wakuu wa idara, wakurugenzi na karani wa bunge la kaunti.

Kwa watumishi walio chini ya gavana, Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ndiyo hupeleka mapendekezo kwa SRC, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Tume hupima uzito wa kazi, wala si jina la mwenye kazi, kisha hutoa kiwango. Mwaka 2015, katika kesi ya mishahara ya walimu, Mahakama ya Rufaa ilishikilia kuwa ushauri huo sharti ufuatwe.

Mshahara wa msingi si malipo yote. Huongezwa marupurupu kama vile ya nyumba na usafiri, pamoja na bima ya matibabu. Hayo nayo hayaongezwi kiholela, kwani tume huyachunguza vilevile.

Je, Kwale haina usemi wowote? Inao, tena mkubwa. Nairobi huamua kiwango cha kila kiti. Idadi ya viti huamuliwa nyumbani.

Katiba haiwaruhusu mawaziri wa kaunti kuzidi 10, lakini haikuweka kikomo cha idadi ya maafisa wakuu, wakurugenzi na washauri. Bodi ya kaunti ndiyo yenye mamlaka ya kubuni na kufuta nafasi za kazi. Gavana huteua maafisa wakuu kutoka orodha ya bodi, na madiwani huwaidhinisha.

Kaunti inaweza basi kufuata kila kiwango cha SRC kikamilifu, na bado ikalemewa na mishahara kwa sababu ya wingi wa ofisi.

Ndiyo maana kanuni za usimamizi wa fedha za mwaka 2015 zinataka mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Kila kinachopita hapo hunyang'anya dawa, barabara na maji ya Kinango fedha zake.

Mkazi anayetaka kujua hali ilivyo anaweza kusoma ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ambazo huonyesha fedha ambazo kila kaunti imetumia kwa mishahara. Vikao vya umma kuhusu bajeti navyo ni haki yake kikatiba.

Katika vikao hivyo, kuuliza afisa fulani analipwa ngapi hakutoshi. Swali lenye uzito ni hili: Maafisa wa ngazi yake wako wangapi, na kila mmoja anafanya kazi gani?