Risala ya vijana imeandikwa na nani?

Kila shughuli ya vijana ina dakika yake ya risala. Mshereheshaji anamwita kijana mbele, fulana mpya, karatasi iliyochapwa bila kosa hata moja. Anamkaribisha mgeni rasmi, anataja mafanikio, anashukuru, anashukuru tena, kisha anagusia changamoto. Wanaoandaa shughuli hizi wanajua kwamba karatasi ile ilipita kwanza mezani kwa ofisa, na ombi lenye makali likafutwa ili mgeni asikwazike. Kijana amepewa kipaza sauti; maneno ni ya mtu mwingine.

Bariadi, mkoani Simiyu, inazijua hafla hizo. Mwaka 2016 mbio za Mwenge zilihitimishwa hapo, sambamba na Wiki ya Vijana kitaifa, mkoa huo ukiwa na miaka minne tu tangu umegwe kutoka Shinyanga.

Lakini Wasukuma, wenyeji wa eneo hilo, hawakungoja semina ili wajue kijana anaweza kuongoza. Zamani kijiji kilikuwa na nsumba ntale, kiongozi wa vijana aliyechaguliwa na vijana wenzake. Hans Cory, mtafiti wa serikali ya kikoloni, aliandika habari zake. Mwenye shamba aliyetaka kulimiwa alikwenda kupatana naye ujira. Yeye ndiye aliyewakusanya vijana na majembe yao, na asiyefika bila sababu alitozwa faini. Wazee, banamhala, walikuwa na baraza lao, ila kazi ya vijana ilikuwa na mwenyewe. Tusiipambe sana: wasichana hawakuwa na nafasi ya kutosha katika mpango huo. Hata hivyo, kiongozi yule alikuwa na kitu ambacho msoma risala hana: mzee akitaka kazi ifanyike, ilimpasa azungumze naye.

Simiyu ililikaribia jambo hilo wakati Anthony Mtaka alipokuwa mkuu wa mkoa. Vikundi vya vijana viliingia kwenye viwanda vidogo, chaki Maswa na maziwa Meatu. Mjadala ulibadilika mara moja. Kijana anayetengeneza chaki haulizwi "ndoto yako ni nini". Anaulizwa katoni zitafika lini shuleni, na yeye anauliza atalipwa lini. Sauti ya namna hiyo haihitaji mshereheshaji.

Kitaifa, Sheria ya Baraza la Vijana ilipitishwa mwaka 2015, na kwa miaka mingi baadaye vijana waliendelea kuliulizia baraza lenyewe. Kuna pia asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa, baada ya ripoti za ukaguzi kuibua vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarudi mwaka 2024.

Hapo ndipo ningeanzia, kama ningeulizwa. Kikundi hewa kinamdanganya ofisa aliyeko makao makuu ya wilaya, hakiwadanganyi vijana wa kijiji husika. Wao wanajua nani analima pamba kweli, nani anafuga kuku, na nani alikusanya majina ya binamu zake usiku mmoja. Wapewe viti kwenye kamati inayochuja maombi ya mikopo, wawachague wenyewe watakaovikalia, na wawe na kura, si nafasi ya kusikiliza tu. Watakataa baadhi ya vikundi vinavyopendwa na wakubwa, na kelele zitakuwepo.